Bwawa Nyuma ya Nyumba ya Mama Saidi

Mmeniomba niandike kuhusu kazi kabla sijaisahau. Msiwe na wasiwasi, sitaisahau, na laiti ningeweza. Lakini ninyi ndio mnaobaki katika serviisi ya ufugaji wa samaki. Mnaingia kwenye viwanja vya watu na simu zenye picha za samaki wanene, na ni lazima mtu awaambie jinsi samaki hao wanavyofika pale, na jinsi wasivyofika. Kuhusu vyeo na mishahara waulizeni waliovipata.

Nilizaliwa Lubarika, katikati ya mpunga, na siku ya kwanza ya kazi nilikuja nimevaa viatu vya kanisani. Aliyepewa kunifundisha alikuwa Mzee Kalonda, Mubembe wa kusini, mfupi na mkavu, mwenye buti za mpira zilizomzidi miguu hata zikawa zinafika mahali kabla yake. Alivitazama viatu vyangu, akatangulia. Tukaenda mpaka kwenye bwawa lililokuwa likichimbwa kando ya barabara ya bonde la Ruzizi. Akashuka ndani ya tope, akanigeukia.

"Shuka."

Nikamuuliza kama nivue viatu kwanza.

"Vile unapenda. Matope haijuake kanisa."

Nilishuka navyo kwa kiburi. Kimoja kilibaki mle, na naamini mpaka leo kimo chini ya tuta la mtu.

Mzee Kalonda hakupenda hotuba. Alifundisha kwa kukuacha ufanye, halafu kubomoa ulichofanya. Alikuwa akisema kwamba shimo hata mbwa anajua kuchimba. Bwawa ni matuta. Kwa hiyo kabla ya kuinua tuta alituamuru kung'oa kila mzizi chini yake, hata ule mwembamba kama uzi. "Muzizi ikioza, inaacha mulango," alisema, "na maji iko na macho ya kuona mulango." Udongo wa mfinyanzi ulipangwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likashindiliwa kwa gogo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Bomba la kuingizia maji lilifungwa chandarua ili samaki wa mtoni wasijipenyeze. Chini ya bwawa ikanyunyizwa chokaa, na asiye na chokaa akaleta majivu ya jikoni. Baada ya hapo maji yaliingizwa polepole, na kwenye kona moja tukajenga uzio wa vijiti na kuujaza majani na kinyesi cha mbuzi, vioze na kuyalisha maji.

Kisha tulingoja. Hapo ndipo kazi yetu hasa ilipo: kuwazuia watu wasilete samaki mapema. Mtu akishachimba bwawa anataka kuona kitu kinachoogelea, kama vile mtu akishajenga nyumba anataka kuona moshi. Mnamwambia angoje maji yageuke kijani, anawaona wabaya. Ilinilazimu kumtuliza zaidi ya mchungaji mmoja. Kipimo mnakijua: unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na vidole visipoonekana tena, ndipo chakula cha samaki kipo. Vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, mbolea imezidi, samaki watakosa pumzi. Mzee Kalonda hakuwahi kutumia kipimo kingine. Siku mtu wa mradi fulani alipoleta chombo chenye taa na namba, Kalonda alikipokea kwa heshima, akakifunga kwenye kitambaa, akazamisha mkono.

Alirudi kwao kusini vita vilipofika huko. Alisema anakwenda kuwatoa dada zake na kwamba angerudi baada ya mavuno. Hakurudi, na sikupata kamwe mtu wa kuniambia lililomfika. Aliniachia mpira wake wa plastiki, ule mwembamba unaopitisha mwanga, ambao ukiujaza maji unakuonyesha kama ncha mbili za tuta zina kimo kimoja. Nilifanya nao kazi miaka yote iliyofuata.

Bijombo, huko milimani, ilikuwa kesi yangu ngumu ya kwanza bila yeye. Kule juu maji ni baridi, samaki anakula na hakui, kama mtoto mwenye minyoo. Tulichimba mabwawa mapana yenye kina kifupi ili jua liyafikie, na wafugaji wakatoa samadi bila kuombwa mara mbili. Tulifika mahali pa kuona vifaranga vya kwanza kando ya tuta. Halafu bunduki zikaanza, vijiji vikateremka kwa miguu na vitu kichwani. Miezi kadhaa baadaye nilimkuta mmoja wa wenye mabwawa yale chini mjini Uvira, kando ya ziwa, barabarani, amebeba godoro na kile chandarua tulichofunga kwenye bomba. Nilimuuliza kwa nini alikibeba hicho. Akasema hakujua, mkono ulishika kilichokuwa karibu.

Nawaeleza hayo ili mjue nilikuwa na moyo wa namna gani nilipofika kwa Mama Saidi, katika mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikuwa nimeandaa mabwawa kuanzia Ruzizi mpaka milimani. Kama mngeniambia niwaonyeshe moja tu ambalo maji yapo na mwenyewe yupo, ningewazungusha siku nzima bure. Penye maji, mtu alikimbia. Penye mtu, maji yalikatika, au mto uliyachukua pamoja na tuta.

Mama Saidi, jina lake Aziza, ni wa zile familia za Waislamu zilizofanya biashara Uvira tangu enzi za mababu wa mababu zao. Aliuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mumewe, Ramazani, alikuwa kapiteni wa mitumbwi ya kuvulia kwa taa, mtu aliyejulikana ufukweni kwa sauti yake tu. Kiharusi kilimpiga akiwa majini. Wenzake walimrudisha amelala juu ya nyavu, upande wa kulia wa mwili ukiwa umekufa, na tangu siku hiyo aliketi uani kwenye kiti cha mbao, uso ameuelekeza ziwani. Mtoto wao mkubwa, Saidi, alikuwa mbali, Kalemie, na simu zake zilikuwa za salamu tu.

"Mama Monitere," Aziza aliniambia, kwa cheo cha sisi wafundishaji wa mabwawa, "ziwa banafunga miezi mingi watu basivue, na ikifunguliwa minye sina tena muntu wa kwenda. Nataka kiziba ya samaki hapa nyuma ya nyumba. Bwana akae akiona samaki."

Ramazani alisikia. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini dharau haikupungua.

"Samaki ya kufungiwa kama kuku," alisema. "Itataga na mayai?"

"Utakula," Aziza alimjibu.

"Nitakula kwa sababu weye njo unanilisha. Lakini usiniambie ni samaki."

Uwanja ulikuwa mrefu na mwembamba, nyumba upande wa barabara, migomba katikati, kisha mteremko mdogo kuelekea ziwani. Nilichukua konzi ya udongo, nikaufinya, nikaurusha juu na kuudaka. Ulikuwa wa mchanga kidogo, lakini tungeweza kuongeza mfinyanzi. Nilichora mipaka kwa kamba, na wapwa wa Aziza wakaanza kuchimba. Siku ya pili, walipofika kifuani, mmoja akapiga kelele. Maji yalikuwa yakitoka chini, yakipanda polepole kati ya vidole vya miguu yake.

Uwanja mzima ulishangilia. Jirani mmoja alisema ni baraka, wengine hulipa watu kuchota. Aziza alipiga magoti ukingoni akanawa uso. Mimi nilisimama na mpira wangu wa plastiki mkononi. Hakuna kijito pale. Mvua haikuwa imenyesha. Nilikata vijiti viwili, nikakisimamisha kimoja shimoni na kingine ufukweni, nikaweka alama. Nilirudi baada ya siku chache: alama zote mbili zilikuwa zimefunikwa, kwa kiasi kilekile.

Nilikuwa bado natafuta maneno wakati Ramazani aliponiita kwa mkono wake mzima. Alitaka kikombe cha maji ya shimo. Aziza alimletea huku akitabasamu, akidhani mumewe ameanza kulainika. Alionja, akayazungusha mdomoni, akameza.

"Hii maji minye naijua," akasema.

"Ni maji ya kisima," Aziza alisema.

"Ni ziwa, Aziza. Imepita chini. Iko tayari ndani ya uwanja, inangoja tu kupanda."

Aziza alinigeukia mimi. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa na namna nzuri ya kulisema, sikuwa nayo. Nilimwambia kuhusu vijiti. Nilimwambia kwamba mvua zikija nzito, uwanja huu utakuwa ziwa, na kwamba wenzake wa kartie za chini, mitaa iliyo karibu na ufuko, walikwisha kupoteza nyumba kwa namna hiyohiyo. Nilimshauri atafute mahali bondeni, mbali na ziwa, kabla watu wote hawajatafuta.

"Niende wapi?" aliuliza. Hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Saidi anapanga chumba kimoja na wenzake. Ndugu wa bwana balikufa. Mama yangu alinizalia hapa, babu yangu alijenga ile ukuta. Nibebe huyu muntu mugongoni nipite nikibisha mulango kwa mulango?"

Ramazani alitazama ziwani.

"Basi kama kiziba haiwezi kushuka," Aziza akasema, "ipande."

Ndivyo tulivyojenga bwawa juu ya ardhi. Nilijua kwamba halitaokoa nyumba. Yeye pia alijua, kwa namna ambayo mtu hujua jambo na kuliweka nyuma ya mlango. Lakini kuandaa bwawa ndicho kitu pekee nilichokuwa na uwezo wa kumfanyia mtu, na alikuwa ameniomba hicho.

Tulifukia shimo. Karibu na nyumba, mahali pa juu zaidi, tulijenga kuta za matofali zinazofika kiunoni, tukazipiga sementi ndani na nje, na bomba la kutolea maji chini kabisa. Hapa kuna jambo vijana hamlipendi kwa sababu linachukua muda. Sementi mpya ina ukali. Ukiweka samaki humo, asubuhi unawakuta wamegeuka tumbo juu na mwenyewe anasema umemroga. Jazeni maji, katakateni migomba vipande, mtumbukize, muache mpaka ioze na kunuka. Mwageni. Rudieni. Tulirudia mpaka majirani wakalalamika kwa harufu, na Ramazani, ambaye kiti chake kilikuwa palepale, akasema sasa ameelewa: tunamfundisha kufa mapema.

Baadaye tulitandaza udongo chini, tukanyunyiza majivu ya jiko la Aziza, tukaweka maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na ya bomba yaliyokwisha kulala juani ili dawa itoke. Kapu kuukuu la ndagala tulilijaza samadi tukalifunga konani. Nikawaambia wangoje.

Katika kungoja kule ndipo Ramazani alipobadilika. Sijui siku gani. Nilikuja mara moja nikakuta kiti chake kimegeuzwa, mgongo kwa ziwa, uso kwa bwawa. Alikuwa na ufito mrefu wa kufukuzia mdiria, ndege ambaye alikuwa hana la kuvua humo bado. Nilipomwuliza, alisema anamzoesha mapema kujua nani mwenye mahali. Mara nyingine alimgombeza Aziza kwa kumwaga maji ya sabuni karibu na ukuta. Na siku moja aliniambia, bila kunitazama, "Imeanza kuwa kijani."

"Tupime," nikasema.

Nilianza kukunja mkono wa nguo yangu. Akanizuia.

"Tumia hii." Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia, ule uliokufa, kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayeshika mali ya mwingine. "Hii imeshapotea, haina hasara."

Aziza alisema aache maskhara. Lakini hakuwa akifanya maskhara. Tulisogeza kiti mpaka ukutani, Aziza akaushika mkono kwapani, mimi nikaushika kwenye kiwiko, tukauteremsha majini taratibu. Vidole vilikuwa vyeupe kidogo, vikawa vya manjano, vikawa kivuli. Maji yalipofika kwenye kiwiko hatukuviona tena.

"Iko tayari," Ramazani alisema. Kisha akamwambia mkewe, kwa sauti ya chini, "Nasikia baridi." Aziza aliniangalia, na mimi nikaangalia pembeni. Daktari alikuwa amekwisha kusema mkono ule hautasikia kitu tena. Huenda aliisikia, huenda alitaka kutupa kitu cha kufurahia.

Vifaranga vya tilapia vilikuja kutoka bondeni asubuhi na mapema, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Aziza alitaka wamwagwe mara moja, akiwahurumia. Nilimwambia wangekufa kwa mshituko. Mifuko ielee kwanza mpaka maji ya ndani na ya nje yapatane, kisha tuchanganye kidogokidogo. Ramazani ndiye aliyefungua mfuko wa kwanza, kwa mkono wa kushoto na meno. Alisema Bismillahi. Samaki walisita mdomoni mwa mfuko, halafu mmoja akatoka, na wengine wakamfuata wote kwa pamoja, wakatoweka katika ule ukijani.

"Banaenda wapi?" Aziza aliuliza.

"Banatafuta mupaka," Ramazani alisema. "Kila samaki akifika fasi mupya anatafuta mupaka kwanza."

Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa na furaha. Nalisema kwa sababu ni kweli. Ramazani aliwalisha samaki pumba za mpunga na kumbikumbi waliokusanywa na wapwa. Aliwakataza wageni kusimama upande wa jua wasiwapige samaki kwa kivuli. Mtu aliyekuwa akiamuru mitumbwi kwa sauti alijifunza kunong'ona. Aziza aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu augue, mumewe alikuwa akiamka kabla yake.

Mvua zilikuja nzito.

Kwanza ziwa lilichukua miti ya ufukweni, likaisimamisha ndani ya maji kama watu waliosahau walikokuwa wakienda. Kisha choo cha jirani kilibomoka. Asubuhi moja palikuwa na nyayo za kiboko kati ya migomba, zimejaa maji, na migomba yenyewe imetafunwa. Majirani walianza kuondoa mabati, kisha milango, kisha wao wenyewe. Aziza alifunga mifuko ya mchanga mbele ya kizingiti. Nilipokwenda kwao nilikunja kitenge mpaka magotini, na bwawa letu lilikuwa limesimama katikati ya maji kama kisiwa cha matofali, na Ramazani juu ya kiti chake kilichoinuliwa kwa mawe, na ufito wake.

Nilikuwa nimekuja na wavu. Mzee Kalonda alikuwa na sheria chache, na hii ilikuwa ya kwanza: samaki wa bwawa wasiingie ziwani. Wale wanatoka maji mengine, na ziwa letu lina wake, wengine hawapatikani popote duniani. Ukiwachanganya hujui nani atamla nani. Bwawa linapotaka kuzama, vua kwanza, ulie baadaye.

"Bado ni wadogo," Aziza alisema alipouona wavu.

"Najua."

"Wiki chache tu. Maji inaweza kushuka."

"Mama Saidi, ukuta wa huku umeshapasuka." Nilimwonyesha ufa. Maji ya kijani yalikuwa yakivuja kwenye maji ya ziwa, yakienda kama moshi.

Alisimama mbele ya ukuta na kunyoosha mikono, kama mtu anayezuia ng'ombe. Mwanamke mzima, mwenye mvi, magoti ndani ya maji. "Minye sijakataa kitu," alisema. "Bwana yangu ilichukuliwa nusu, sikukataa. Soko ikafungwa, sikukataa. Nyumba inaenda, naona. Hii hapana. Hii tulifanya vizuri. Si weye mwenyewe ulisema tulifanya vizuri?"

Nilisema ndiyo, tulifanya vizuri. Hakuna hatua tuliyoiruka. Katika kazi yangu yote sijawahi kuandaa bwawa vizuri kuliko lile, na naliandika hapa mlijue: unaweza kufanya kila kitu inavyotakiwa, na bado ukalipoteza.

Ramazani ndiye aliyemaliza mabishano. "Aziza," alisema, "leta beseni."

Aziza hakutoka ukutani.

"Leta beseni, mama. Mvuvi ni minye."

Tulivua sisi wawili, Aziza akishika ncha moja ya wavu na mimi nyingine, Ramazani akituelekeza kwa ufito: teremsha, vuta, usiinue haraka, wako kona ile. Walikuwa wa urefu wa kidole, wachache wamefika viwili. Waliruka ndani ya beseni na kung'aa, na Aziza aliwafunika kwa upande wa kanga asiwaone. Tulipopitisha wavu mara ya mwisho ukatoka na tope tu, nilifungua bomba la chini. Bwawa lilijimwaga ziwani likiwa halina samaki hata mmoja.

Aliwakaanga juu ya mbabula, jiko la makaa, iliyowekwa mezani, kwa kuwa sakafu ilikuwa na maji. Tulikula na ugali, miguu juu ya kitanda. Ramazani alilishwa na mkewe, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mifupa yao laini. Hakusema kama ni samaki au si samaki. Alipomaliza aliomba maji ya kunawa mkono, na Aziza alicheka, kicheko kibaya, kwa sababu maji yalikuwa yametuzunguka kila upande.

Ukuta wa babu yake ulianguka juma lile. Walihamia Sange, bondeni, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu aliyekuwa akinunua ndagala kwake zamani. Sange ni mahali pazuri kwa mpunga na mihogo. Magari yanapita, soko lina watu. Kwa kapiteni ilikuwa kama kufungiwa kabatini. Aliuliza mara kwa mara upepo unatoka upande gani, na hakuna aliyejua, kwa sababu pale hakuna anayehitaji kujua. Alifariki kiangazi kilichofuata. Nilikwenda kumzika. Sisi wanawake tulikaa upande wetu, na nilimsikia Aziza akimwambia mtu kwamba bwana hakuugua tena, alinyamaza tu, siku hadi siku, mpaka akanyamaza kabisa.

Mimi nilistaafu baada ya hapo. Palikuwa na soda na maneno. Kiwanja kile sasa kiko chini ya maji. Ukipita na mtumbwi maji yakiwa tulivu unaona kona ya matofali, na wavuvi wanaikwepa isiwatoboe. Huwa nasikia watu wakisema ziwa litarudi nyuma.

Mwezi uliopita Aziza alinipigia simu. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Kisha akasema, "Mama Monitere, huku nyuma iko fasi ndogo, mwenye nyumba amekubali. Kijito inapita karibu. Nilianza kung'oa mizizi. Uje uangalie kama nimeanza vizuri."

Nilikaa na simu sikioni. Magoti yangu ni mabovu, na barabara mnaijua, lakini sitasingizia magoti. Niliona matuta, nikaona ukijani unaanza, nikaona uso wake siku ya kufungua mfuko, na sikuweza kuona zaidi ya hapo kitu chochote ambacho ningependa kukiona tena. Yule mwanamke amebaki na nguvu za kuanza. Mimi sina za kumtazama akianza.

Nilimwambia aendelee kung'oa, asiache hata mwembamba, na kwamba mtu atakuja. Alishukuru sana. Sikumwambia kwamba mtu huyo si mimi. Aziza anakaa nyuma ya soko la Sange, ulizeni mjane wa kapiteni. Mmoja wenu aende kabla ya mvua.